Kichwa na shingo, kitanda kimoja

Vitabu vyetu vya uuguzi huiweka presha ya ndani ya fuvu katika sura yake, na kuumia kwa uti wa mgongo katika sura nyingine, kurasa nyingi mbele. Mwanafunzi anasoma hii, anaifanyia mtihani, kisha anahamia ile. Barabarani mambo hayaendi hivyo. Kijana aliyerushwa na pikipiki akitua kwa kichwa, uzito wote wa mwili unaomfuata nyuma unaishia shingoni. Mafunzo ya kimataifa ya ATLS, ambayo madaktari wengi wa dharura huyapitia, yanafundisha kwamba katika kila watu 100 walioumia ubongo, kama 5 wameumia na uti wa mgongo pia. Ukianzia upande wa pili, katika kila 100 walioumia uti wa mgongo, kama 25 wana jeraha la ubongo, japo dogo.

Niko wodi ya majeruhi, pwani ya kaskazini mwa Tanzania. Wengine huletwa kutoka barabara ya Segera, wengine wameanguka minazini na miembeni. Naandika kwa wauguzi wenzangu, hasa mnaobaki na wodi peke yenu usiku, na kwa ndugu wa wagonjwa wanaoshangaa kwa nini tunawanyang'anya mito waliyoileta kwa mapenzi. Nataka kusema juu ya mgonjwa mwenye yote mawili, kwa sababu kwake kila agizo la sura moja linagongana na agizo la sura nyingine, na anayesimama katikati ya maagizo hayo saa nane za usiku ni muuguzi.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, unaochukua kama asilimia 80 ya nafasi, na damu na maji ya ubongo, kama asilimia 10 kila kimoja. Alexander Monro wa Edinburgh aliliandika jambo hili mwaka 1783 na George Kellie akalijazia mwaka 1824: kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue, la sivyo presha inapanda. Kwa kawaida presha hiyo huwa kati ya milimita 5 na 15 za zebaki. Ikipita 22 na kukaa huko, inatibiwa. Penye vifaa, madaktari huingiza kipimo ndani ya fuvu na namba ikaonekana kwenye skrini. Kwetu kipimo hicho hakipo. Kipimo ni muuguzi, tochi yake na saa yake ya mkononi.

Ndiyo maana nashikilia sana kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile walichokitoa Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Macho hadi alama 4, maneno hadi 5, mwili hadi 6, na alama 1 maana yake hakuna jibu. Akishuka alama 2 tangu saa iliyopita, piga simu sasa hivi, usingoje raundi ya asubuhi. Mboni moja ikianza kuwa kubwa kuliko mwenzake na kuchelewa kuitikia mwanga, hiyo ni simu ya mbio zaidi. Na wakati wa kukabidhiana zamu, pimeni wawili pamoja, kitandani kwa mgonjwa, si kwenye meza ya ripoti. Mmoja akiita "anaitikia maumivu" na mwingine akiita "anakunja mkono", mgonjwa ataonekana ameshuka au amepanda wakati hajasogea popote.

Sasa tia shingo iliyovunjika ndani ya habari hiyo. Tulipokea kijana wa bodaboda kutoka upande wa Muheza, alikuwa amebeba matenga ya machungwa. Picha ya CT ilionyesha ubongo umechubuka na kuvimba, pingili ya sita ya shingo imevunjika. Muuguzi kijana aliyempokea alimbana ukucha wa kidole cha mguu kwa kalamu, hakupata kitu, akaandika mwili alama 1. Nilimwomba tupime tena pamoja. Nilibonyeza ukingo wa mfupa juu ya jicho. Uso ukakunjamana, macho yakafunguka, mkono wa kulia ukainuka kutoka kwenye kiwiko ukielekea usoni. Ubongo wake ulikuwa unasikia na unajibu. Ni njia ya kwenda miguuni iliyokuwa imekatika. Kwa mgonjwa wa namna hii, maumivu yatolewe usoni, jibu litafutwe usoni, na akiwa na mpira wa kupumulia mwambie apepese macho, kisha atazame juu. Mgonjwa anayetii kwa macho tu bado anatii, na iandikwe hivyo kwenye fomu.

Kuhusu kitanda. Sura ya ubongo inasema nyanyua upande wa kichwa nyuzi 30, ili damu ya mishipa ya shingoni ishuke kirahisi na kuupunguzia ubongo msongamano. Sura ya mgongo inasema mlaze sawa, asikunjwe popote mpaka mgongo ufungwe au daktari aseme uko salama. Ukizungusha ile mashine ya kitanda mgonjwa akakaa nusu, umeitii sura ya kwanza na umeikunja pingili iliyovunjika. Jibu ni kukiinamisha kitanda chote, kichwa juu na miguu chini, mwili ukabaki umenyooka. Vitanda vya kisasa vinafanya hivyo kwa kitufe. Vitanda vyetu vingi havifanyi, kwa hiyo fundi wetu wa matengenezo alituchongea vipande vya mbao vyenye shimo katikati, mguu wa kitanda unazama ndani usiteleze. Tunaweka chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa na tunafunga magurudumu yote. Mgonjwa hutaka kuteleza kwenda chini, basi weka ubao au mto mgumu kwenye nyayo, na kila ukipita tazama kama amesogea. Sijali kitanda kinaonekanaje. Ndugu wakiuliza kwa nini kimeinuliwa na magogo, tunawaeleza.

Kichwa nacho kikae katikati, pua ielekee darini. Kikigeuka upande, mshipa wa shingo wa upande huo unabanwa na damu inarudi nyuma kichwani. Hapa ndipo mto wa nyumbani unapoleta madhara: unakunja shingo mbele na unapindisha kichwa, mambo mawili mabaya kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna kola ngumu ya shingo. Inalinda pingili, lakini ikikazwa kupita kiasi inabana mishipa ileile tunayotaka iwe wazi. Hatuivui kwa uamuzi wetu. Tunakagua saizi, tunahakikisha vidole viwili vinapita, tunatazama kama mishipa ya shingo imevimba au uso umeiva, na tunamsumbua daktari bila haya: picha imesemaje, kola bado inahitajika, lini atapelekwa kufungwa chuma? Kila siku inafunguliwa, mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili, mwingine anasafisha kidevu, kisogo na mabega. Nimeona kidonda cha kisogoni kilichochimbwa na kola peke yake, chini ya nywele, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Na wale wenye mpira wa kupumulia, tusiufunge kwa bandeji inayozunguka shingo. Plasta mashavuni inatosha.

Pumzi ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Neva inayoendesha kiwambo cha pumzi hutoka kwenye pingili za tatu, nne na tano za shingo. Aliyeumia chini ya hapo anapumua mwenyewe, lakini misuli ya mbavu imelala. Utaona tumbo linapanda wakati kifua kinaingia ndani. Anachoka polepole, kikohozi hakina nguvu, makohozi yanajaa, kaboni dayoksaidi ya damu inapanda juu ya milimita 45 za zebaki. Ikipanda, mishipa ya damu ya ubongo inatanuka, na ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kutanukia. Kwa hiyo mbavu zilizolala zinaweza kuupandisha ubongo presha bila jeraha la kichwa kubadilika hata kidogo. Kipimo cha oksijeni kidoleni kinaweza kuonyesha 97 wakati wote huu, hasa akiwa na oksijeni. Hesabu pumzi kwa dakika nzima na uangalie kifua.

Kunyonya makohozi kunahitaji adabu yake. Mpe oksijeni kwanza, ingia na utoke ndani ya sekunde 10, mwache apumzike, ndipo urudie. Kwa ubongo, kukohoa na kukabwa kunapandisha presha. Kwa shingo iliyoumia kuna la zaidi: mpira ukigusa koo, moyo unaweza kushuka ghafla hadi kusimama, kwa sababu neva za kuuharakisha zimekatwa na ile ya kuupunguza kasi imebaki peke yake. Atropini, dawa ya kuyaharakisha mapigo, iwe tayari kando ya kitanda. Hii si dawa ya kukimbilia stoo.

Usiku wake wa pili, mapigo ya kijana yule yalishuka hadi 48. Muuguzi mwenzangu alishtuka, na alikuwa na haki. Sote tulifundishwa alama tatu za Harvey Cushing: presha ya damu inapanda, mapigo yanashuka, pumzi inapoteza mpangilio, maana yake ubongo umebanwa na unakaribia kusukumwa kwenda chini. Lakini presha yake ya damu ilikuwa 80 kwa 45. Miguu ilikuwa ya moto na mikavu, haikuwa na jasho baridi la mtu anayevuja damu. Huyo hakuwa Cushing. Neva zinazoikaza mishipa ya damu zilikuwa zimenyamaza pamoja na uti wa mgongo, na damu ilikuwa imetuama miguuni. Mapigo ya chini na presha ya juu, shaka iende kichwani. Mapigo ya chini na presha ya chini kwa aliyevunjika shingo, shaka iende kwenye uti, baada ya kuhakikisha tumbo na nyonga hazivuji.

Na kwa nini nisingoje? Kwa sababu ya hesabu. Wastani wa presha ya damu ya 80 kwa 45, namba ya chini ikihesabiwa mara mbili na jumla ikagawanywa kwa tatu, ni kama 57. Toa presha ya ndani ya fuvu, tuseme ni 20. Kinachobaki cha kuusukumia ubongo damu ni 37, na ubongo ulioumia unahitaji 60 hadi 70. Uti wenyewe nao unataka damu: wengi huulenga wastani wa 85 hadi 90 kwa siku 7 za mwanzo. Daktari wa zamu alikuja haraka, tukampa salaini kwa kiasi, kisha noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa ya damu, kwa matone ya kuhesabu, nami nikakaa na mashine ya presha kila dakika 5.

Hapo pia ndipo manitoli inapotaka kufikiriwa mara mbili. Ni dawa nzuri, gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo, inavuta maji kutoka kwenye ubongo. Lakini inavuta maji ya mwili mzima na kuyatoa kwa mkojo, na mtu ambaye presha ya damu tayari iko chini inaweza kumwangusha kabisa. Mkumbushe daktari presha ni ngapi kabla ya kuitundika, ulizia kama kuna salaini ya asilimia 3, hakikisha mpira wa mkojo umo. Chupa ya manitoli ikikaa penye baridi hufanya chembe kama chumvi, ipashwe mpaka ziyeyuke na ipitishwe kwenye chujio. Dripu ya dekstrosi ya asilimia 5 isitundikwe kwa mgonjwa huyu, maji yake yanakimbilia kwenye ubongo. Na zile sindano za steroidi ambazo ndugu bado wanaambiwa mtaani wakanunue ili "kichwa kinywee": utafiti wa CRASH, wa watu zaidi ya 10,000 walioumia kichwa, ulionyesha mwaka 2004 kwamba waliopewa steroidi walikufa zaidi. Hilo lilishamalizika.

Niseme sasa jambo ninalobishania karibu kila mwezi. Kuna wenzetu wanaoamini mgonjwa wa presha ya ubongo asiguswe, "mwache atulie". Wanaacha kumgeuza siku mbili, tatu, ubongo unapona, na mgonjwa anaamka akiwa na shimo kwenye mfupa wa kitako. Kabla ya Ludwig Guttmann kufungua wodi yake kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wengi waliovunjika uti walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, mara nyingi ndani ya miezi. Alichofanya hakikuwa uchawi. Aliwageuza kila saa 2, mchana na usiku, na akasimamia mkojo wao. Sisi tunayajua haya, na mikono tunayo.

Basi ageuzwe, ila kwa utaratibu. Watu watano: mmoja kichwani, watatu ubavuni, mmoja wa kutazama ngozi na kutandika shuka. Wa kichwani ndiye mkubwa wa kazi, hata kama ni mwanafunzi na aliyeko miguuni ni daktari bingwa. Yeye ndiye anayehesabu, na bila sauti yake hakuna anayevuta. Mgonjwa anageuka mzima mzima kama gogo, pua, kitovu na magoti vikitazama upande mmoja. Kisha apumzike. Usimgeuze, ukamnyonya makohozi, ukamwogesha na ukambadilisha dripu ndani ya nusu saa ileile ili upate nafasi ya kukaa. Kila kimoja kinapandisha presha kidogo, na vikijazana haishuki.

Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino naomba ziachwe. Nazikuta bado. Zinateleza, zinapasuka, na kisigino bado kinalalia kitu. Weka mto mwembamba chini ya misuli ya nyuma ya mguu, kisigino kielee hewani. Na pakiwa pekundu usipasugue kwa mafuta. Ngozi iliyokwisha kuumia kwa ndani inamalizwa na kusuguliwa. Mwondoe kwenye upande huo mpaka rangi irudi.

Kijana wetu alikuwa na shangazi yake, mama wa makamo kutoka kijijini, aliyekaa kwenye kibao nje ya wodi tangu siku ya kwanza. Nilimwita ndani mapema, kabla hata hatujajua kama mgonjwa ataamka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mnaniitia nini, amefariki?"

"Hapana, yupo. Nataka ujifunze kumgeuza."

Alisema mikono yake ni ya jembe, itamvunja. Nikamweka ubavuni, sehemu ya kiuno, tukamgeuza naye. Wiki ya tatu alikuwa akiwakemea wanafunzi wanaovuta kabla ya kuhesabiwa. Najua hospitali nyingine huwaweka ndugu mbali mpaka siku ya kuruhusiwa, kisha wanapewa maelezo ya dakika 10 na karatasi. Naona ni kuwadhulumu. Kazi ya mgonjwa wa uti inaenda miaka, na miaka hiyo si sisi tutakaokuwepo.

Fahamu zilirudi taratibu. Alipelekwa Dar es Salaam akafungwa chuma shingoni, akarudi kwetu. Anakunja viwiko, anainua viganja, vidole havishiki. Miguu haijarudi. Aliuliza maswali yote ambayo vijana huuliza, na la kuzaa pia, nami nilimjibu yale ninayoyajua bila kumficha.

Kabla hajaenda nyumbani nilikaa na shangazi kwa jambo moja zaidi, kwa sababu ndilo linalozichanganya zile sura mbili vibaya kuliko yote. Uti ukishaamka kutoka kwenye mshtuko wake, wiki au miezi baadaye, mtu aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupata kitu hiki: kibofu kikijaa, au choo kikikwama, au ukucha ukiota ndani ya nyama, mwili wa chini unapiga kelele ambayo ubongo hauisikii, na presha ya damu inaruka. Kichwa kinapasuka kwa maumivu, uso na shingo vinaiva na kutoka jasho, mapigo yanashuka. Presha ya juu, mapigo ya chini, kichwa kinauma, kwa mtu aliyewahi kuumia ubongo. Zahanati yoyote itawaza ubongo, au malaria. Wakati huo presha inaendelea kupanda hadi mshipa wa kichwani upasuke kweli.

Na namba zinadanganya. Presha yake ya kila siku ni 95 kwa 60. Kwake 140 si "presha nzuri ya mtu mzima", ni hatari.

Nikamwandikia kwenye daftari la shule, kwa herufi kubwa, presha yake ya kawaida na hatua za kufuata. Mkalishe wima, miguu ining'inie. Legeza mkanda, viatu na kila kinachobana. Fuata mpira wa mkojo kwa mkono kuanzia mwanzo hadi kwenye mfuko, unyooshe uliposokotwa, na kama umeziba ubadilishwe. Kama mkojo unapita, fikiria choo, kisha ngozi na kucha. Presha isiposhuka, hospitali, na daftari liende pamoja naye ili mhudumu alisome kabla ya kuandika dawa yoyote.

Shangazi alinipigia simu mwanzoni mwa masika. Mgonjwa alikuwa akilia kichwa tangu alfajiri, jirani akasema apelekwe kupimwa malaria. Yeye akamkalisha, akapitisha mkono, akaukuta mpira umekunjika chini ya paja. Mfuko ulijaa papo hapo. "Sasa anadai chai," akaniambia, "lakini niambie, huu mpira ataishi nao hadi lini?"

Swali zuri. Kutoa mkojo kwa mpira mdogo kila baada ya saa 4 hadi 6, kisha kuutoa mpira, kunaleta maambukizi machache kuliko kuuacha ndani moja kwa moja. Vidole vyake haviwezi kuushika, kwa hiyo mikono itakuwa ya shangazi, na mipira ni lazima ipatikane karibu na kijiji. Kliniki ijayo ataanza kujifunza, akiandika kila mara kiasi kilichotoka ili kisipite mililita 500 kwa mkupuo mmoja. Habari ya choo nitaiandika peke yake wiki ijayo. Ni ndefu, na wengi mmeniuliza kwa simu kwa sauti ya chini wakati haina sababu ya kuonewa aibu.